Nafasi hii mnaichukua mnaipeleka wapi?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Mfamasia kaniambia nichukue dawa mara tatu kwa siku. Ni Kiswahili hicho? Na hiyo 'take' ya Kiingereza, tunayoitafsiri 'chukua', ilipataje maana zote zile?"

Nianze na la pili, ni fupi. "Take" ni mhamiaji. Ilifika Uingereza na watu wa Skandinavia, kwao ikiitwa "taka", ikamtimua mwenyeji, "niman", ambaye nduguye wa Kijerumani, "nehmen", yu hai mpaka leo. Kwa Waingereza limebaki "numb": kiungo kilichotwaliwa, kikafa ganzi. Mgeni akajitwika kila kazi: dawa, picha, basi, mtihani. Shauri yao.

Sisi kuchukua kwetu kwa asili ni kubeba, ndiyo maana tuna mchukuzi na Wizara ya Uchukuzi. Dawa unaichukua dirishani. Nyumbani unaimeza au unainywa. Ukiichukua kutwa mara tatu utakuwa unazunguka nayo tu. Picha hupigwa, basi hupandwa, mtihani hufanywa.

Lakini yote hayo nayasamehe kuliko hili: "Napenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru." Nenda harusi yoyote. Mshereheshaji kaichukua nafasi hii. Mwenyekiti wa kamati naye kaichukua. Baba wa bwana harusi, mjomba, mwakilishi wa majirani, wote wanaichukua, tena kila mmoja "anapenda". Nafasi ni ile ile moja, hakuna aliyeonekana kuirudisha, na pilau inapoa. Halafu sikiliza vizuri: mtu kapenda, kachukua, na hajashukuru bado! "Nawashukuru" ni neno moja, linatosha, na mwenye kulisema anakaa chini mapema.

"Kuchukua hatua" nimechoka kuipinga, imeota mizizi. "Safari inachukua saa nne" nayo pita, ingawa mzee wa pwani angekwambia ni mwendo wa saa nne na ukaelewa. Kutwaa, kitenzi chenyewe kilichofaa kazi hii, tumewaachia waandishi wa michezo, maana timu bado hutwaa kombe. Watu tunaowasema kila siku ndio waliotutunzia.

Basi mwambie mfamasia wako aandike "meza". Ama yule aliyeniletea tangazo kwamba semina "itachukua nafasi" Dodoma, yaani "take place" neno kwa neno badala ya "itafanyika", huyo sijamjibu, wala semina siendi.