Baba, usikimbie kitanda cha mwanao: niliyoyaona kwa rubani mmoja wa vita

Baba mmoja wa Kahama ameniandikia ujumbe mrefu. Mtoto wao wa kwanza ana kichwa kikubwa, daktari ameshamweleza habari ya kuwekewa mrija wa kutoa maji kichwani, na ndugu wameanza maneno. Mwishoni akaniuliza kwa nini kila nikizungumzia watoto hawa lazima nimtaje yule rubani Mzungu, na rubani anatuhusu nini sisi. Namjibu hapahapa, maana najua wapo wengi wanaosoma kimya kimya wakiwa na swali hilohilo.

Rubani mwenyewe ni Roald Dahl. Dunia inamjua kwa hadithi za watoto. Mimi nimemjua kupitia kichwa cha mwanawe.

Na ajabu ni kwamba alipitia kwetu. Alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake Wanorwe, na kabla ya vita alikuwa Dar es Salaam akiifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Kiswahili alijifunza hapo. Vita ilipoanza mwaka 1939 akaendesha gari peke yake kutoka Dar hadi Nairobi, kwa barabara za wakati ule, kwenda kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa mrefu karibu mita mbili. Hebu fikiria mtu wa kimo hicho kwenye kiti cha ndege ndogo ya mafunzo, kichwa kimechomoza nje. Kati ya vijana walioanza naye mafunzo Nairobi, wengi hawakuiona siku vita ilipokwisha.

Septemba 1940 alitumwa kupeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake, namba 80, jangwani Misri. Mahali alipoelekezwa hapakuwa na kikosi. Giza likaanza kuingia, mafuta yakawa yanaisha, akajaribu kutua jangwani na ndege ikagonga jiwe. Fuvu lilipasuka, pua ikasagika, macho yakafunga. Alijitoa kwenye ndege inayowaka, na baada ya hapo alilala hospitali Aleksandria wiki kadhaa bila kuona kitu. Mwingine angeomba arudishwe kwao. Yeye Aprili 1941 alikuwa Ugiriki na ndege ya Hurricane, ambayo alikuwa na uzoefu nayo wa siku chache tu, akipigana juu ya Athens na ndege za Wajerumani zilizokuwa nyingi kuliko zao mara nyingi. Rubani mwenzake hodari kuliko wote, Pat Pattle, alikufa katika mapigano hayohayo. Dahl anahesabiwa kutungua ndege zisizopungua 5. Kisha maumivu ya kichwa yakamzidi, akawa anapoteza fahamu, jeshi likamtoa kwenye urubani mwaka huohuo.

Jinsi alivyoanza kuandika naruka, si habari ya leo.

Mwaka 1953 alimwoa mwigizaji wa Marekani, Patricia Neal, wakajaliwa watoto watano. Desemba 1960, New York, yaya alikuwa anavuka barabara akisukuma kigari cha mtoto wao wa kiume, Theo, wa miezi minne. Teksi ikakigonga. Mtoto akapona, lakini maji yakaanza kujaa kichwani. Akawekewa mrija wenye vali, yaani kilango kidogo cha kupitisha maji upande mmoja tu, wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka kwenye mshipa unaoelekea moyoni. Ukaziba. Wakafungua, wakaweka tena, ukaziba tena, na kila ukiziba mtoto anapoteza kuona.

Hapa ndipo aliponikamata. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli, Morogoro. Mwanangu alipoanza kukua kichwa, daktari mmoja kijana alichukua bahasha ya picha, akachora nyuma yake kwa kalamu: kichwa, shingo, mrija chini ya ngozi hadi tumboni, na katikati kitu kidogo kama kifungo. Nikamwambia, hiyo ni vali ya njia moja, presha ikizidi inafunguka, ikishuka inafunga. Akanitazama. Akasema, wewe ndiye baba wa kwanza kunieleza mimi. Sijivuni, lakini siku ile usingizi ulikuja.

Sasa rubani wetu alifanya nini? Hakukaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Alimtafuta Stanley Wade, mtu aliyekuwa anatengeneza vipampu vidogo vya mafuta vya injini za ndege za kuchezea. Akamkutanisha na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa akimtibu Theo London. Rubani, fundi pampu na daktari. Wakatengeneza vali mpya: kipande kifupi cha mpira wa silikoni, na kila mwisho kisahani kidogo cha chuma ndani ya kikasha chake. Maji yakisukuma kutoka kichwani, visahani vinaachia. Yakitaka kurudi, vinabana. Pa kunasa uchafu ni padogo sana. Fundi yeyote wa nozeli akiuona mchoro ule atatabasamu. Ilipokuwa tayari mwaka 1962, Theo mwenyewe alikuwa ameshapata nafuu, hakuihitaji. Ikawekwa kwa watoto wa watu wengine, maelfu, nchi mbalimbali, na wale watatu walikubaliana wasitafute faida.

Ndiyo maana namtaja, baba wa Kahama. Kaa na mtoto. Uliza. Kama huelewi, uliza tena. Wanaume wengi niliokutana nao wodini walikuja siku ya kwanza, wakaacha hela kidogo, simu ikawa haipatikani. Mama anabaki na mtoto, ndoo na kanga mbili. Mimi nilikaa. Nililala kwenye veranda na akina baba wawili watatu, na muuguzi mmoja alikuwa akitufukuza kila alfajiri kama mbuzi, tunarudi.

Kilichoniuma zaidi hakikutoka hospitali. Kaka yangu, tumbo moja, alimwita mke wangu pembeni akamwambia ukoo wetu haujawahi kuwa na kitu cha namna hiyo, akatafute kwao. Mwingine akashauri mtaalamu wa kienyeji. Sijasahau na wala sijifanyi nimesahau. Mtoto huyohuyo leo yuko darasa la tano, na kaka akitumiwa meseji na benki ndiye anayemsomea.

Kwa hiyo maneno yaache yapite. Kaa na mtoto. Akiwa na mrija, akaanza kutapika bila sababu, kusinzia kupita kiasi, kulia kusikotulia, au utosi ukavimba, usisubiri kesho. Huo mrija huenda umeziba, nenda usiku huohuo. Na mama mtu mpe nafasi alale.

Hapo kwenye mama, rubani simsifu sana. Februari 1965 Patricia, akiwa mjamzito, alipasuka mishipa ya ubongo, akalala wiki tatu bila fahamu. Mumewe alipanga majirani na marafiki waje kwa zamu, saa nyingi kila siku, kumfundisha kusema, kusoma na kutembea. Alimbana mpaka watu wakaona ni ukatili. Mtoto alizaliwa salama, na Patricia akarudi kuigiza. Lakini mwaka 1983 wakaachana, baada ya mume kuwa na mwanamke mwingine kwa muda mrefu. Mwaka huohuo alitoa maneno machafu juu ya Wayahudi, na ukoo wake baadaye ukaomba radhi. Ujasiri wa hospitali haumfanyi mtu malaika. Nimeoa, najua: kuamrisha ni kazi rahisi.

Bado kuna Olivia, binti yao mkubwa. Novemba 1962, mwaka uleule wa vali, alipata surua. Alionekana anapata nafuu. Baba yake alikaa kitandani akimfundisha kutengeneza wanyama kwa vijiti laini vya rangi vinavyokunjika, akaona vidole vya mtoto havifuati anachotaka. Mtoto akasema ana usingizi. Siku hiyohiyo akafa, surua ilikuwa imeingia kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 7, na umri huohuo ndio aliofia dada yake Dahl. Chanjo ya surua ilikuwa bado haijaanza kutolewa. Mwaka 1986 baba huyo aliandika barua ya wazi akiwasihi wazazi wa Uingereza wachanje watoto, wakati chanjo ipo na watu wanazembea.

Kwetu surua na rubela inachanjwa mtoto akiwa na miezi 9, halafu tena miezi 18. Ya miezi 9 watu wanaenda. Ya 18 mtoto anatembea, ana afya, mama yuko sokoni, baba anasema wiki ijayo. Mpeleke wewe baba. Haina malipo kwenye zahanati ya serikali, na kama kadi imeliwa na panya nenda hivyohivyo, waeleze, watamwandikia nyingine.