Vidonda na utando kinywani mwa mgonjwa wa UVIKO-19 aliyelazwa

Ndugu uliyeuliza kama utando mweupe na vidonda vilivyomtokea baba yako kinywani tangu alazwe kwa UVIKO-19 vina maana kwamba kirusi kinazidi kumwenea, nakujibu kwa niliyoyaona nikiwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa kifua. Kwa maoni yangu kirusi hicho husingiziwa mengi. Ni kweli kwamba huweza kuingia katika tezi za mate na kumpotezea mgonjwa ladha, lakini sehemu kubwa ya tunayoyakuta kinywani huletwa na matibabu yenyewe, na pia na kinywa kusahauliwa wakati watu wote wanakodolea macho kipimo cha oksijeni.

Mgonjwa anayehema kwa shida hupumua kwa mdomo, na oksijeni inayoingia kwa kasi bila unyevu wa kutosha humkausha mate. Hapo makohozi na mabaki ya chakula huganda kwenye kaakaa na kuwa gamba la kahawia, ambalo jamaa wengi hulidhania kuwa kidonda. Gamba hilo hulainishwa kwanza kwa shashi yenye maji, kisha huondolewa polepole. Likibanduliwa likiwa kavu, huchuna na ngozi laini ya chini yake, na damu huchelewa kukatika kwa mgonjwa anayechomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Utando mweupe ni jambo jingine, na mara nyingi ni fangasi. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo mwaka 2020 ilithibitika kupunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, hushusha pia kinga ya mwili, na antibiotiki huua bakteria ambao kwa kawaida huwazuia fangasi wasizagae. Muuguzi akipangusa utando huo ukatoka na kuacha wekundu unaouma, dalili zinaelekea huko. Daktari akiandika nistatini ya maji, mgonjwa anayemeza vizuri huizungusha kinywani kwa muda kabla ya kuimeza. Nimeona wengi wakipewa maji ya kunywa papo hapo, na dawa ikasombwa kabla ya kufanya kazi.

Kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, hasa wanaolazwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi, mpira wa kupitishia hewa unaoingia kooni hukandamiza pembe ya mdomo hadi ikachubuka, na ulimi huweza kuvimba. Kuuhamisha mpira huo ni kazi ya wahudumu peke yao, tafadhali usiuguse.

Unachoweza kufanya wewe, kwa ruhusa ya wauguzi, ni kumsafisha meno kwa mswaki laini mara mbili kwa siku akiwa ameinuliwa kichwa, na kumvua meno bandia anapolala. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini, tuliyokuwa tukiitegemea sana kwa wagonjwa wa mashine, haipendekezwi tena katika mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2022; mswaki ndio uliobaki, nami sikushangaa.

Akilalamika kwamba chakula kinamchoma kifuani anapomeza, mwambie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda fangasi wameshuka hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na hapo huhitajika dawa inayofanya kazi mwili mzima, kama flukonazoli. Malengelenge yaliyosongamana mdomoni nayo yaonyeshwe mapema, kwani huenda ni hepesi, kirusi kilichokuwa kimelala mwilini, iliyoamka, na tiba yake ni tofauti kabisa.