Wabahai wa Iran: maswali yenu na majibu

Maswali mengi mliyoniletea kuhusu mateso ya kidini yamegusa jamii moja: Wabahai, kundi kubwa kuliko yote ya wasio Waislamu nchini Iran. Imani yao ilizaliwa huko huko katika karne ya 19, na tangu mwaka 1850, mtangulizi wake aitwaye Bab alipopigwa risasi hadharani mjini Tabriz, hawajapata kizazi kimoja cha amani kamili.

Nimekulia Kampala, na hekalu la kilima cha Kikaya nimelipita tangu utotoni. Imani iliyotoka Uajemi ilikujaje kujenga nyumba kubwa namna ile Uganda? (Msomaji, Kampala)

Ilijengwa kwenu kwa sababu Tehran haikuwezekana. Katika Ramadhani ya 1955, mhubiri mashuhuri aitwaye Falsafi alipewa nafasi kwenye redio ya taifa la Iran, akawashambulia Wabahai siku baada ya siku. Jeshi likatwaa makao yao makuu jijini Tehran, na majenerali wa Shah, mfalme wa Iran, wakashika sururu kwa mikono yao kulibomoa kuba mbele ya wapiga picha. Shoghi Effendi, aliyeiongoza jumuiya hiyo duniani wakati huo, alikuwa amepanga nyumba ya ibada ijengwe Tehran. Akaamua ijengwe Kampala. Jiwe la msingi liliwekwa 1958 na milango ikafunguliwa Januari 1961.

Kwa miaka 60 nyumba hiyo ilikuwa peke yake Afrika nzima, hadi Matunda Soy, magharibi mwa Kenya, walipofungua ya kwao 2021, kisha Kinshasa 2023.

Naomba mlione hili vizuri: aliyewatupa Wabahai mwaka 1955 alikuwa mfalme, rafiki wa mataifa ya Magharibi. Alihitaji kuungwa mkono na viongozi wa dini, na Wabahai ndio aliowatoa ili kuupata. Anayedhani habari hii ilianza na mapinduzi ya Kiislamu ya 1979, yaliyomwondoa mfalme huyo, anaikosa nusu yake.

Lakini Iran ina Wakristo na Wayahudi hadi bungeni. Itakuwaje basi tuseme inatesa dini nyingine? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli. Ibara ya 13 ya katiba ya Iran inawatambua Wazoroasta (wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi), Wayahudi na Wakristo, na wametengewa viti vitano bungeni. Ila ibara hiyo inasema hao ndio wachache wa kidini pekee wanaotambuliwa. Neno hilo "pekee" ndilo linalowafungia Wabahai nje. Na hata kwa Wakristo ulinzi una mipaka: Muarmenia aliyezaliwa katika kanisa la mababu zake anasali, lakini Mwajemi aliyeacha Uislamu akaanza kusali nyumbani na wenzake anaweza kuishia gerezani.

Makao yao makuu yako Haifa, ndani ya Israeli. Huoni serikali ya Iran ina haki ya kuwashuku ujasusi? (Msomaji, Zanzibar)

Tuanze na tarehe. Baha'u'llah, mwanzilishi wa dini hii, hakuchagua kwenda huko. Alifukuzwa Iran, akahamishwa mji hadi mji na watawala wa Uthmaniya, dola ya Kiislamu ya Waturuki, na mwaka 1868 wakamfunga katika ngome ya Akka. Alifariki karibu na mji huo 1892. Mabaki ya Bab yalizikwa Haifa 1909. Dola ya Israeli iliundwa 1948. Makaburi hayo yalikuwepo miongo kadhaa kabla yake, na aliyempeleka Baha'u'llah huko ni dola ya Kiislamu.

Kisha tazama walioshtakiwa. Juni 18, 1983, wanawake kumi walinyongwa Shiraz, mmoja baada ya mwingine. Mdogo wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na umri wa miaka 17, na alikuwa akiwafundisha watoto madarasa ya dini. Wafungwa hao walikuwa wameambiwa kwamba wakiikana imani yao wataachiwa. Jasusi hasamehewi kwa kutamka shahada. Kama kosa linafutika kwa kubadili dini, basi kosa lenyewe ni dini.

Kwa nini wasiandike tu "Mwislamu" kwenye fomu wakaendelea na maisha? Moyoni Mungu anajua. (Msomaji, Dodoma)

Swali lako nimelirudia mara nyingi, kwa sababu ndilo linaloonyesha jinsi mambo haya yanavyofanyika kweli. Sisi tukisikia mateso tunawaza panga na moto. Zaidi ya Wabahai 200 waliuawa baada ya mapinduzi, wengi wao katika miaka ya kwanza, lakini mbinu iliyodumu ni ya karatasi. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Mapinduzi ya Utamaduni liliandaa waraka wa siri, na Kiongozi Mkuu Khamenei akauidhinisha. Unaelekeza kwamba maendeleo yao yazuiwe, kwamba wafukuzwe chuoni ikijulikana ni Wabahai, na kwamba wasipewe kazi wakijitambulisha. Waraka huo ulifichuliwa 1993 na mjumbe wa Umoja wa Mataifa.

Sasa fikiria kijana anayefanya mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu. Amefaulu vizuri. Akienda kutazama matokeo anakuta maneno haya: jalada lako halijakamilika. Hakuna karatasi iliyopungua. Mwaka unaofuata anarudi, anakuta yale yale. Baba yake naye amefungiwa duka kwa sababu alilifunga siku ya sikukuu ya dini yake. Bibi yake alizikwa katika makaburi ambayo Walinzi wa Mapinduzi, jeshi maalumu la utawala, waliyachimbua, kama ilivyotokea Shiraz 2014. Na tangu 2020 fomu ya kitambulisho cha taifa imeondolewa kisanduku cha "dini nyingine", kwa hiyo Mbahai ama aandike uongo ama akose kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna benki, hakuna pasipoti.

Wabahai hufundishwa kutoikana imani yao, na pia kutosema uongo. Ndiyo maana fomu hiyo inawanasa. Anayeiandaa anajua kuwa hawataijaza. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Dodoma, swali tumwelekeze aliyeifuta ile "dini nyingine". Yeye ndiye anayepaswa kujieleza kwa nini.

Mimi ni Mwislamu. Naamini hakuna mtume baada ya Muhammad (S.A.W.). Nitawateteaje watu wanaosema kinyume? (Msomaji, Tanga)

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante kwa kuuliza wazi. Hakuna anayekuomba uikubali itikadi yao. Nitakutajia mwanazuoni wa Kishia ambaye hakuikubali hata kidogo. Ayatollah Hossein-Ali Montazeri, ambaye wakati fulani aliteuliwa kumrithi Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya 1979, alitoa fatwa mwaka 2008. Alisema Wabahai hawahesabiwi miongoni mwa watu wa Kitabu, lakini kwa kuwa ni raia wa nchi wana haki za uraia, na wanastahili kutendewa kwa huruma ya Kiislamu. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja miaka ya kifungo cha nyumbani kwa kuikosoa serikali. Nadhani fatwa ile inajibu swali lako kuliko lolote ninaloweza kuandika.

Ni Iran peke yake? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Misri iliipiga marufuku jumuiya yao 1960 chini ya Nasser, na Wabahai wa huko walikosa vitambulisho hadi hukumu ya mahakama ya 2009 iliporuhusu alama ya kistari mahali pa dini. Yemen, mahakama ya Wahouthi, waasi walioutwaa mji mkuu Sanaa, ilimhukumu kifo Mbahai Hamed bin Haydara mwaka 2018. Aliachiwa 2020 akafukuzwa nchini mwake. Na Uganda, Idi Amin aliwapiga marufuku 1977 pamoja na madhehebu mengine kadhaa, na hekalu la Kikaya likafungwa hadi utawala wake ulipoanguka.

Vijana waliokataliwa chuo wanafanyaje? (Msomaji, Arusha)

Walijenga chuo chao. Mwaka 1987 wahadhiri waliofukuzwa kazi walianza kufundisha sebuleni na vyumba vya chini vya nyumba za watu, kwanza kwa posta, baadaye kwa intaneti. Jina lake ni Taasisi ya Kibahai ya Elimu ya Juu. Imevamiwa mara kadhaa, ikiwemo 1998 na 2011, kompyuta na vitabu vikachukuliwa, walimu wakafungwa. Serikali ya Iran haizitambui shahada zake, ila vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia vimewapokea wahitimu wake kwa masomo ya uzamili na uzamivu. Mwanafunzi hulipa ada kidogo, wahadhiri wengi hufundisha kwa kujitolea, na masomo yanaendelea hadi leo.