Ugali wa saa tatu usiku

Mtu akifikisha miaka 45 na kuambiwa apunguze uzito, kitu cha kwanza anachonunua ni raba. Nimeliona kwa wengi hapa Mwanza: raba mpya, trakisuti, wiki mbili za kukimbia Capri Point, halafu goti linaanza kuuma, halafu raba anarithi kijana wa sekondari. Ushauri wangu mimi unaanzia kwingine kabisa. Unaanzia jikoni, tena jikoni usiku.

Nina miaka 49. Nafanya kazi ya hesabu kwenye duka la jumla mjini, na ninaishi Pasiansi na mume, watoto na wageni wasiokwisha. Kazi yangu ni ya kiti. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi ninazozijua, ilikuwa inakula chakula cha maana mara moja tu kwa siku. Asubuhi chai na chapati za kukimbizana na daladala, mchana chochote kitakachopatikana, kisha usiku, baada ya taarifa ya habari, ndipo sufuria kubwa inapoinuliwa. Saa tatu ugali, saa nne kitandani. Presha yangu ilipopimwa ikasoma zaidi ya 140 kwa 90, na siku nyingine ikarudia vilevile, muuguzi hakuniuliza nafanya zoezi gani. Aliniuliza, "Mama, usiku mnakula saa ngapi, na kiasi gani?"

Swali hilo ndilo lililofanya kazi, kwa sababu jibu lake haliko kwa mtu mmoja. Saa ya kula ni mali ya nyumba nzima. Huwezi kuamka ukatangaza kwamba kuanzia leo unakula saa kumi na mbili na nusu jioni kama wagonjwa wa wodini. Baba watoto anafunga shughuli zake jioni sana, na kwetu mke kula kabla mume hajarudi kuna wanaoliona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nilimwambia kabla, nikamwonyesha karatasi ya presha, tukakubaliana: chakula kinaiva mapema, mimi nakula na watoto, cha kwake kinakaa kwenye hotipoti. Akirudi naketi naye na kikombe cha chai isiyo na sukari, tunaongea kama kawaida. Sikumwambia abadilike. Baada ya muda alianza mwenyewe kuwahi, nadhani kwa sababu ugali wa hotipoti unatoa jasho na haupendezi. Ukitaka kumbadilisha mwenza wako, hotuba haisaidii kitu.

Ugali mkubwa tuliuhamishia mchana. Nabeba chakula changu kazini, na hilo peke yake lilikata chipsi. Usiku sahani yangu nusu yake ni majani: mgagani, mlenda, majani ya maboga, kisamvu, chochote kilichopo sokoni. Robo ni samaki au maharage au choroko. Robo iliyobaki ni ugali, bonge lisilozidi ngumi yangu mwenyewe. Sema hivyo mbele ya Msukuma yeyote wa makamo uone atakavyokutazama. Mama mkwe alipokuja kutoka Kwimba aliiangalia sahani yangu, akaniangalia mimi, akauliza, "Mkwe wangu, hiki ndicho chakula au unaonja chumvi?" Lakini yeye nilimpakulia wa kushiba, wa moto, na sufuria ikabaki jikoni imefunikwa ili aongezwe. Mgeni hapunguziwi. Ukianza kuwapunguzia wageni kwa jina la afya utapata sifa ya uchoyo, na sifa hiyo haitoki hata ukikonda vipi.

Niseme pia juu ya hili linalozungumzwa sana kwetu, kwamba ugali wa muhogo au wa mtama "hauna sukari". Si kweli. Muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ndogo mno, na ukila bonge kubwa sukari ya damu inapanda tu. Mtama una faida ya nyuzinyuzi, dona nayo inaishinda sembe kwa sababu haijavuliwa pumba na kiini. Mimi nakula dona na mtama kwa zamu na ninaipenda. Ila ukubwa wa bonge ndio unaohesabiwa zaidi kuliko rangi yake. Michembe na matobolwa hali kadhalika: ni vizuri kuliko biskuti, lakini ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na mfuko mzima si kitafunio, ni mlo.

Kwenye samaki ndipo sisi wa ziwani tunapotakiwa kumshukuru Mungu na kuacha visingizio. Mtu wa Dodoma ana sababu ya kulalamika. Sisi tuna sato, sangara na dagaa mlangoni. Tatizo ni kikaango. Sato yuleyule ukimzamisha kwenye mafuta unabadilisha chakula kizima, kwani kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120, na sisi hatupimi kwa kijiko, tunamimina kutoka kwenye dumu tukiangalia pembeni. Nimehamia kuchoma, au kuchemsha kwa nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili. Mafuta napima kwa kijiko, na kijiko hicho kinaishi juu ya kifuniko cha dumu ili hata dada wa kazi asikisahau. Dagaa nawaosha mara kadhaa mchanga utoke, nawakaanga kidogo tu bila mafuta mengi, nawaunga na nyanya. Dagaa unamla mzima na mifupa yake, na kalsiamu iliyo humo ni muhimu hasa kwetu wanawake tunaokaribia au kupita ukomo wa hedhi, umri ambao mifupa huanza kupungua nguvu kwa kasi na mafuta ya mwili huhamia tumboni hata kama hujaongeza tonge.

Kayabo, yule sangara wa chumvi wa soko la samaki la Mwaloni, mimi nampenda kupita kiasi, na hapo ndipo muuguzi wangu aliposhika kichwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu: cha sufuriani, cha mezani, cha kwenye viungo vya pakiti. Kipande kizuri cha kayabo kinakula sehemu kubwa ya hiyo. Kwa hiyo amekuwa chakula cha mara mojamoja, tena analowekwa usiku kucha, maji yanabadilishwa, na mchuzi hauwekwi chumvi nyingine.

Sukari nitaipitia haraka kwa kuwa kila mtu anajua. Chupa ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari au zaidi. Shirika hilohilo linasema ikiwezekana tusivuke gramu 25 kwa siku, ambazo ni kama vijiko sita vya chai. Chai yangu ilikuwa vijiko vitatu kwa kikombe. Nilipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki chache mpaka ulimi ukazoea, na sasa chai ya maziwa yenye tangawizi bila sukari inanitosha. Kuacha ghafla kunaleta hasira nyumbani.

Sasa ndipo tuvae raba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unahema lakini bado unaweza kuongea. Jambo zuri kwenye mwongozo huo ni kwamba hata dakika chache chache zinahesabiwa, si lazima ziwe za mkupuo. Hapo ndipo daladala inapokuwa rafiki. Asubuhi namwambia konda anishushe Furahisha, natembea kwa miguu mpaka mjini kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Jioni narudia. Siku tano za kazi zinatosha kunifikisha, na sijatoa hata saa moja ya ziada kwenye maisha yangu. Wanaokaa Igogo au Mabatini juu mawe yalipo hawahitaji hata hilo. Mtu anayepandisha ndoo ya maji mlimani kila siku asisumbuliwe na ushauri wa mazoezi, apewe bomba.

Kuhusu kuamka alfajiri, ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa Dar es Salaam, ambako jua linatangulia. Huku kwetu magharibi saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, jua linachomoza kuelekea saa moja. Mwanamke kutembea peke yake gizani, barabara ina bodaboda zisizowasha taa, siyo ujasiri. Ila jioni mwanga unakaa mpaka karibu saa moja, na upepo wa ziwa unapoza. Mimi ni mtu wa jioni. Wikendi tunatoka Kamanga tunazunguka Capri Point, vilima vyake vinachoma mapaja vizuri. Siku ambazo vijidudu vya ziwani vimetanda kama moshi, funga mdomo na uahirishe maongezi.

Kuna anayeniuliza kila mara: mbona usiogelee, ziwa si lile pale? Kuogelea ni zoezi zuri kwa magoti, lakini maji tulivu ya kando ya ziwa, yenye majani na konokono, ndiyo makazi ya kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi bila wewe kujua. Dawa ipo, prazikwanteli, na inatibu, lakini ukirudi majini unaambukizwa upya. Mwenye uwezo wa kulipia bwawa la hoteli aogelee huko.

Watu wa umri wetu tunasahau nguvu za misuli. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na kutembea peke yake hakuirudishi. Mwongozo uleule unasema siku mbili au zaidi kwa wiki za mazoezi ya nguvu. Si lazima uende jimu. Nakaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, narudia mpaka mapaja yatetemeke. Nasukuma ukuta wa sebule kwa mikono. Nabeba madumu mawili ya lita tano yaliyojaa, natembea nayo uani. Mvua zikishika na Pasiansi ikawa tope, hayo ndiyo yanayonibeba, pamoja na Bongo Fleva na watoto wanaonicheka.

Ugumu wenyewe hasa, kuliko ugali na kuliko kilima, ulikuwa midomo ya watu. Kwetu mwanamke wa makamo akipungua, kuna mambo mawili: anaumwa, au nyumbani hakuna amani. "Dada, kwema? Shemeji anakutunza kweli?" Wanaulizia kwa upendo, na upendo huo umewarudisha wengi kwenye chapati. Sikujificha. Nilikuwa najibu, "Siumwi, napunguza presha, ilifika mia na hamsini na kitu." Ajabu ni kwamba karibu kila niliyemjibu hivyo alikuwa na namba yake mwenyewe ya kuniambia, kwa sauti ya chini. Mmoja ni wa sukari, mwingine mumewe alipooza upande. Hao ndio waliokuja kuwa wenzangu wa kutembea. Kikundi chetu cha vikoba kinakutana Jumapili, na mwenye zamu alikuwa lazima apike pilau, soda kreti zima. Hatukufuta pilau, tungevunja kikundi. Tulisogeza kikao kikaanza baada ya kutembea, tukaweka sahani ndogo, na maji na matunda yanakuja mezani kabla ya soda. Kreti sasa linarudi na chupa zilizojaa.

Watanihoji kilo ngapi. Sitaji, kwa sababu nikitaja tu ushauri wote unageuka mashindano ya mizani. Angalia presha, angalia kiuno. Kipimo rahisi ninachokifuata ni kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Kwa wanaotumia dawa, sikilizeni hapa zaidi ya kote. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari asitoke kutembea na tumbo tupu bila kuongea na daktari wake, na awe na pipi au juisi mfukoni. Ukianza kutetemeka, jasho baridi likakutoka na macho yakafifia, kaa chini ule hiyo pipi mara moja. Mwenye presha asiache vidonge kwa kuwa kipimo kimekaa sawa. Mara nyingi kimekaa sawa kwa sababu anavimeza. Mwenye kupunguza dozi ni daktari. Na kifua kikibana, au maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, simama hapohapo, ita mtu, tafuta gari la kukupeleka hospitali. Usimalizie mzunguko ati kwa sababu wenzako wametangulia.