Chozi wa bustanini na chozi wa mrihini

SWALI: Bustanini kwangu huja chozi wadogo wenye midomo mifupi, dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa. Nasikia msitu wa Arabuko-Sokoke una chozi wa Amani, ndege adimu. Je, ndio hawa? – Msomaji, Watamu

JIBU: Hao wa bustanini kwako, karibu hakika, ni chozi wa kola (Hedydipna collaris). Chozi wa Amani (Hedydipna pallidigaster) ni ndugu yake wa jenasi moja, na wote kwa kawaida hawafikii gramu 10, lakini bustanini si kwake. Wa kola hupenda kingo za msitu, vichaka na maua, na hushuka hadi usawa wa macho. Wa Amani, kwa upande wa Kenya, ni ndege wa mrihi (Brachystegia), mti unaoota kwenye mchanga mweupe. Ukishaingia sehemu ya udongo mwekundu, umempita. Tanzania anapatikana katika misitu minene ya Usambara Mashariki.

Dume mtazame tumbo. Wa kola ana tumbo la manjano, na juu yake mkanda mwembamba wa zambarau unaotenga kijani na manjano. Wa Amani ni kijani cha giza hadi kifuani, kisha tumbo jeupe. Vishungi vya rangi ya chungwa ubavuni anavyo, ila mara nyingi hufichwa na mabawa, kwa hiyo usivitegemee. Majike ni rahisi zaidi: wa kola ni kijani juu na manjano chini, wa Amani ni kijivu juu na mweupe chini.

Wengi hukosea kwa sababu ya mwanga. Ndege akiwa kileleni na anga nyuma yake, manjano hupauka yakaonekana meupe, na kijani huwa cheusi. Nenda asubuhi, jua liwe mgongoni, na darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42). Usikimbilie kila mlio. Tafuta kundi la ndege mchanganyiko linalopita vileleni, simama, kisha kagua ncha za matawi. Hapo ndipo wa Amani huchokoa wadudu na buibui, na hatulii. Subiri ageuke ubavu kabla ya kuamua.

Tahadhari moja: ukiona weupe umeanzia kooni na mgongo ni wa zambarau, huyo si mmoja wao. Ni chozi wa jenasi nyingine, Anthreptes.