Kwa nini "ruthless" lipo na "ruth" halisikiki

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kwa nini Kiingereza kina neno "ruthless", yaani asiye na huruma, ilhali hakuna anayesema "ruth". Neno hilo lilikuwapo kweli, likiwa na maana ya huruma au majonzi, na John Milton alilitumia katika shairi lake Lycidas, lililochapishwa mwaka 1638. Linahusiana na kitenzi "rue", yaani kujutia, kikiongezewa "th" mwishoni kama "true" ilivyozaa "truth". Wala halina uhusiano na Ruthu wa Biblia, ambaye jina lake ni la Kiebrania. "Reckless", yaani asiyejali, nalo limebaki vivyo hivyo, baada ya watu kukiacha kitenzi "reck", kujali.

Linalonivutia zaidi ni "uncouth", ambalo leo husemwa juu ya mtu asiye na adabu. Katika Kiingereza cha kale, "cuth" lilimaanisha kinachojulikana, kutokana na kitenzi "cunnan", kujua, ambacho ndicho asili ya "can" ya leo, yaani kuweza. Hivyo "uncouth" lilikuwa jambo lisilojulikana, kisha likawa jambo geni, na hatimaye ugeni huo ukahesabiwa kuwa ushamba. Sisi tusemao "mtoto anajua kuogelea" tunaielewa vizuri njia hiyo ya kutoka kujua hadi kuweza. Ama "couth" ya sasa, yenye maana ya mstaarabu, si mabaki ya lile la kale, bali iliundwa upya kutokana na "uncouth".