Deni la -0.00, na vile lilinikula kazi

Juzi kijana mmoja wa Nakuru kaniandikia inbox, ati programu yake ya mikopo inakataa kufunga deni, mteja ameshalipa yote, skrini inaonyesha 0.00 lakini bado anahesabiwa mdaiwa. Nilicheka, halafu nikanyamaza, juu hiyo kitu ilinimaliza mimi hapa Kisumu.

Nilikuwa nimeandikia sacco fulani ndogo mfumo wa mikopo, peke yangu, usiku, laptopu inachoma mapaja, na nilijiona fundi kweli kweli. Siku moja mama anayeuza omena soko la Kibuye akaja kuomba mkopo mpya, mfumo ukasema hajamaliza ule wa kwanza. Amebakisha ngapi? -0.00. Yaani sufuri yenye alama ya kutoa! Mama akauliza kwa sauti, kamati nzima iko hapo, "Sasa hii mnataka niilipe na nini?" Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti hakucheka. Kazi akapewa mtu mwingine na malipo yangu ya mwisho sijayaona hadi leo, lakini tuachane na hayo.

Kosa lilikuwa laini moja tu: kama salio ni sawasawa na 0, funga deni. Hebu fungua Python, lugha ya kuandikia programu, chukua 0.3 utoe 0.1 mara tatu. Hupati sufuri, unapata kama -0.000000000000000028, na ukiionyesha kwa desimali mbili ndio hiyo -0.00 ya mama. Kompyuta haijaharibika. Inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na 0.1 kwake ni kama thuluthi kwetu, 0.333 haiishi, kwa hivyo inakata mahali na kubaki na kitu karibu tu. Msidhani ni mchezo, 1991 kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulikuwa umewaka masaa kama 100 ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kakosa kadogo kakajumlika hadi theluthi ya sekunde, kombora la adui likapita bila kutunguliwa, wanajeshi 28 wa Marekani wakafa.

Sasa nyinyi mnaoandika programu za pesa, pesa wekeni kwa senti, namba nzima. 4,750.50 ni 475050, basi. Kijana aliniambia ataweka tu "salio likiwa chini ya 0.005 funga", nikamwambia hiyo ni plasta juu ya jipu. Kwa vipimo, kilo za samaki au joto, sawa, linganisha kwa kuacha nafasi kidogo ya tofauti, na hiyo nafasi ikue namba zikikua. Lakini pesa ni senti. Halafu amua mapema senti inayobaki inaenda wapi: 10,000 kwa miezi mitatu ni 3,333.33, mara tatu inakuwa 9,999.99, kwa hivyo mwezi wa mwisho analipa 3,333.34 na iandikwe kwa mkataba ili mtu asije kushangaa. Na round ya Python, ile ya kukadiria namba, pia iangalie, 2.5 inakupa 2, sio 3, ikikuta nusu kamili inaenda kwa namba shufwa iliyo karibu. Senti jamani. Senti. Mimi nilijifunza kwa aibu, nyinyi mnaletewa bure na bado mnabishana.

Mama wa omena bado yuko Kibuye, mkopo alikuja kupewa. Nikipita ananiita "Sufuri", na gorogoro moja ananiuzia bei ya juu kuliko wengine wote.